Laptop ya okazio na Windows yake ya zamani: maulizo yenu

Tangu niliandika kama mashini ya zamani haitupwi ovyo, maulizo yenu yameingia mingi, karibu yote ya watu wa hapa Lubumbashi walionunua okazio (mashini zilizotumika na watu wengine), zile zinapitia mupaka wa Kasumbalesa na Windows ya miaka ile. Najibu tano, zingine zinafanana.

Mama moja wa Katuba: "Muuzaji anasema laptop iko na Windows ya mupya, mutoto wangu anasema ni ya zamani. Nitamuamini nani?"

Mama, usimuamini hata moja, uliza mashini yenyewe. Finya kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Entrée. Kadirisha kadogo katakuambia. Ukisoma Windows 7 na namba 7600, ni ile ya mwanzo ya 2009, haijapata Service Pack 1, lile furushi kubwa la mise à jour. Ikiwa 7601 imeshaipata. Windows 7 Microsoft iliacha kuilinda tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo tarehe 14 Oktoba 2025. Sura ya ekrani isikudanganye, kuna mafundi wanabandika picha ya Windows 11 juu ya 7, nimeona kwa macho yangu.

Kijana wa Kenya (komini yetu, sio inchi): "Yaya, wifi iko bien lakini Gmail, Facebook, zote zinakataa, iko inaandika kama koneksio haina usalama. Ni virusi?"

Mudogo wangu, mbele ya kuogopa virusi angalia saa, kule chini kuume. Inasema ni mwaka gani? Nabashiri ni 2009 ao hata mwaka wa zamani zaidi. Kila saiti iko na cheti, sawa kitambulisho chake, na cheti kinakuwa na siku ya kuanza na siku ya kuisha, sasa mashini inalinganisha na saa yake yenyewe, ikiwa yenyewe inafikiri tuko 2009 basi kila cheti inakiona hakijazaliwa bado, inafunga mulango. Rekebisha tarehe, fungua tena, utaona.

Lakini ukizima na kutoa kurant saa inarudia kule kule? Hapo ni pile ndogo ya ndani imekufa, inaitwa CR2032, ya mviringo sawa feza ya chuma, hata watengenezaji wa saa wanakuwa nayo. Kwa mashini ya mezani unachomoa kurant, unafungua, unabadirisha. Kwa laptop mara nyingi iko na nyuzi, peleka kwa fundi. Mi mwenyewe zamani nililipa fundi akaniformatia mashini yote, picha za ndoa zikaenda, na kumbe ilikuwa ni saa tu! Hiyo hasira bado iko.

Tarehe iko sawa na bado inakataa? Basi ni navigateri (programu ya kufungulia saiti) imezeeka. Ku Windows 7 Chrome ilisimama ku versio 109, jaribu navigateri ingine, Firefox 115 ESR.

Mwalimu wa Kampemba: "Nikiwasha koneksio ya telefone, mega zinaisha mbele sijafungua kitu. Nizime mise à jour kabisa?"

Hapana mwalimu, usizime, ichelewesheni tu. Ku Windows 10 ingia Paramètres, kisha Réseau et Internet, fungua ile wifi ya telefone yako, washa «Connexion limitée». Zile kubwa zitangoja. Kisha mara moja kwa mwezi uende penye wifi ya mutu, ufinye «Rechercher des mises à jour». Microsoft inazitoa Jumanne (mardi) ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo wewe enda siku chache nyuma yake. Lakini ujue, tangu Oktoba 2025 Windows 10 inapata tu kama umejiandikisha ku programu yao ya kuongeza muda, na kwa watu wa nyumbani inafika 13 Oktoba 2026.

Wenye Windows 7 kazi yao ni ingine. Windows Update inazunguka tu, inazunguka, haileti kitu, kwa sababu haijui sahihi (signature) mupya za Microsoft. Weka Service Pack 1 kwanza, kisha mise à jour KB4490628, kisha KB4474419. Ingia ku saiti ya Microsoft Update Catalog, telesharja mara moja ku siber, weka ku flashi, flashi hiyo itaponya mashini za mtaa muzima. Angalia tu: x64 ya 64 bit, x86 ya 32.

"Kurant ilikatika mise à jour ikiwa 35%. Imekufa?"

Mara nyingi hapana. Washa, uiache, ikiandika «Annulation des modifications» usiiguse hata kama ni saa nzima, iko inarudisha vitu. Siku ingine anza tu betri ikiwa imejaa, na sio wakati wa radi.

"Mot de passe ni ile ile, lakini inakataa!"

Klavie imeruka kutoka AZERTY (mupango wa Kifaransa) ikaenda QWERTY (wa Kiingereza). A imekuwa Q, Z imekuwa W, na M imehama. Finya Alt na Shift pamoja, ao ufinye zile herufi FR ao EN pale ku ekrani, kisha andika tena polepole.