Apumzike na uji wake, au atembee?

SWALI: Mama yangu ana miaka 63. Amegundulika na saratani ya utumbo mpana na atapasuliwa baada ya wiki tano. Ndani ya miezi minne ameshuka kutoka kilo 65 hadi 60. Shangazi zangu wanasema asiguse kazi, alale na anywe uji asije akachoka kabla ya kisu. Wako sahihi? – M.K., Morogoro

JIBU: Shangazi wana nia njema, ila kwa ushauri huo mama ataingia kwenye upasuaji bila akiba.

Kisu kikishapita, mwili huwasha inflamesheni, yaani hali ya kujihami na kujitibu jeraha. Interleukini-6, kemikali inayopeleka ishara hiyo mwilini, hupanda ndani ya saa chache, na CRP, protini ya damu inayoonyesha ukubwa wa inflamesheni, hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Ndivyo uponaji unavyoanza. Lakini kazi hiyo hula protini, na mwili huichota kwenye misuli, ikiwemo glutamini, kijenzi cha protini kinacholisha chembe nyeupe za damu. Misuli ikiwa imesinyaa, kidonda huchelewa kufunga, mgonjwa hukosa nguvu ya kukohoa makohozi, na nimonia hupata mlango.

Msuli unaofanya kazi nao hutoa interleukini-6, ila kwa muda mfupi, na nyuma yake huja interleukini-10, ishara inayotuliza inflamesheni. Tusikudanganye: vipimo vya damu havibadiliki kwa kila mgonjwa. Matokeo ya wodini yanaonekana zaidi. Katika utafiti wa wagonjwa 251 wa saratani ya utumbo uliochapishwa 2023, matatizo makubwa baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 17 ya walioandaliwa kwa wiki nne kwa mazoezi, lishe na msaada mwingine, na asilimia 30 ya wasioandaliwa.

Daktari wake akikubali, atembee dakika 30 siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akishindwa, agawe mara tatu za dakika kumi. Siku tatu kwa wiki, kwa kuachia siku moja katikati, aketi na kusimama kitini bila kushika kitu: mara 8, apumzike, kisha 8 tena. Kiti cha plastiki huteleza kwenye sakafu ya saruji, hivyo kiegemezwe ukutani. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuhema akiwa amekaa: aache, aonwe na daktari.

Protini anayohitaji ni gramu 1.5 kwa kila kilo, yaani gramu 90 kwa siku. Asubuhi mayai mawili na glasi ya maziwa (gramu 20 za protini). Saa nne uji uliopikwa kwa maziwa badala ya maji, wenye vijiko vitatu vya karanga za kusaga (16). Mchana kipande cha samaki cha gramu 100 na nusu kikombe cha maharage (29). Usiku dagaa wakavu gramu 30 (18). Kabla ya kulala, glasi ya mtindi (8). Supu ya mifupa aendelee nayo akiipenda, ila protini nyingi imo kwenye nyama, si kwenye mchuzi. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari.

Uvimbe wa utumbo huvuja damu kimyakimya, kwa hiyo apimwe hemoglobini (wingi wa damu) wiki hii, si siku ya kulazwa. Damu ikiwa pungufu, madini ya chuma huhitaji wiki kadhaa kufanya kazi. Chai ya majani isiende pamoja na mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Na tumbo likijaa, akitapika na kukosa hata kutoa hewa, huenda utumbo umeziba: hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Na siku ya upasuaji, afunge tangu jioni? – M.K.

JIBU: Kwa kawaida hapana, isipokuwa daktari wa usingizi aseme vingine, mfano utumbo umeanza kuziba. Chakula husimama zikibaki saa sita kabla ya upasuaji, maji na chai ya rangi zikibaki saa mbili. Akipangiwa saa 3 asubuhi, maji mwisho saa 1. Maziwa huhesabiwa kama chakula, na hapo ndipo wengi hukosea: chai ya maziwa ya alfajiri, na upasuaji unaahirishwa.