WhatsApp ukiwa Guangzhou: washa roming ya laini ya Kenya

Umeuliza, dada, kama WhatsApp itafanya kazi ukienda Guangzhou, China. Itafanya kazi, ila si kwa waifai ya hoteli. China imefunga WhatsApp, Google, Facebook na YouTube, na waifai ya kule au laini utakayonunua dukani zote zinapita kwenye kichujio hichohicho cha mtandao cha serikali yao. Lakini laini yako ya Kenya ukiwa umeiwekea roming (yaani kuitumia ukiwa nchi ya nje), data yake hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani ndipo itoke nje, kwa hiyo kichujio hakiigusi. Mimi nimekwenda mara mbili kuchukua mzigo wa duka langu hapa Malindi, na picha za vitambaa nilikuwa namtumia mke wangu nikiwa bado sokoni. Bei ya roming inauma lakini, kwa hiyo nunua bando lake mapema na video ziache.

VPN, yaani programu za kukwepa kichujio hicho ambazo wengine hupendekeza, ukitaka pakua ukiwa bado Kenya, maana Play Store kule haifunguki. Leo inashika, kesho imekatwa. Na ujue zisizo na kibali cha serikali yao haziruhusiwi. Wapo wenyeji waliotozwa faini.

WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, ifungue ukiwa hapahapa Kenya. Akaunti mpya mara nyingi hudai mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe, na wauzaji wote wako humo, hata ankara watakutumia humohumo. Ukipitia Hong Kong, kule hakuna kizuizi hicho, WhatsApp inafunguka kama kawaida.