Prado ya zamani inagonga mbele: shokapu zisubiri, pima kutu kwanza

Mkuu, umeuliza kuhusu Prado yako ya 1998: ukipita kwenye rasta (vile vituta vidogo vinavyofuatana) inagonga mbele, ukiachia usukani inavuta kushoto, fundi kakuambia ubadilishe shokapu zote nne, na chini umeona kutu lakini hujui ni kubwa kiasi gani. Ninayo ya aina hiyohiyo, modeli ya 95, niko nayo Tanga na njia yangu kubwa ni ya Pangani, kwa hiyo vumbi, mashimo na upepo wa chumvi vyote imevionja. Hela ya shokapu ibaki mfukoni kwanza.

Shokapu iliyokufa kwa kawaida haigongi. Inayumbisha: ukivuka tuta gari inaendelea kunesa, ukishika breki pua inazama, na mara nyingi utakuta mafuta yamevuja kwenye mwili wake. Ule mlio wa "ko, ko" kwenye rasta unatoka kwenye kitu kinachocheza. Inaweza kuwa linki za stabilaiza (vijiti vya ile fito inayozuia gari kulala kwenye kona), bushi (raba za maungio) za wishboni, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu, raba ya juu ya shokapu, au boljointi, kiungo chenye kichwa cha duara kinachocheza ndani ya kikombe. Linki ni kazi ndogo, fundi anamaliza chini ya mwembe huku mnapiga soga. Boljointi ya chini ndiyo inayonikosesha raha.

Kwenye hizi Prado za modeli ya 90 na 95, zilizotoka 1996 hadi 2002, boljointi ya chini imefungwa kwa bolti nne chini ya kile chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), na imekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta ichomoke badala ya kuisukuma ikae. Ikishalika vya kutosha, kichwa chake kinatoka kwenye kikombe na gurudumu linalala kando. Ukiona Prado au Toyota Surf ya zamani imepiga goti kwenye kona, tairi moja la mbele linatazama upande wake, shuku hiyo kabla ya kitu kingine. Kupima hakuhitaji mashine. Jeki iwekwe chini ya wishboni yenyewe, karibu na gurudumu, isiwekwe kwenye chesisi (fremu inayobeba gari). Tairi likishaachana na ardhi kidogo, mmoja aingize mtaimbo chini ya tairi ainue-inue, mwingine alale aangalie. Ukiona chuma kinapanda huku wishboni imetulia, usiondoke hapo na gari. Raba ya boljointi ikiwa imepasuka, au usukani ukilia kama mlango mkavu unapokata kona ukiwa umesimama, hiyo nayo ni taarifa. Kwenye kifaa hiki usitafute nafuu, na ya mtumba iliyofunguliwa kwenye gari iliyokatwa usiiguse, maana hujui imebakiza nini. Nunua ya kampuni pamoja na bolti zake mpya.

Sasa kuvuta kushoto. Hapa ndipo kutu na miguu ya gari vinapokuwa kitu kimoja, na mafundi wengi hawatakuambia. Wishboni ya chini inashikwa kwenye chesisi na bolti zenye visahani vya duara ambavyo tundu lake haliko katikati. Ukizizungusha, gurudumu linasogea, na hivyo ndivyo alaimenti (mnyoosho wa magurudumu) inavyopangwa. Miaka ishirini na zaidi ya maji na chumvi, bolti inagandana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Fundi wa alaimenti anajaribu, haizunguki, basi anacheza na tairodi (fito za usukani) peke yake, anakuambia "tayari bosi". Gari inaendelea kuvuta, tairi linaendelea kuliwa upande wa ndani. Muulize swali moja tu: hizo bolti zilizunguka? Akianza kujikuna, jibu umelipata.

Dawa ya kulegeza kutu ijaribiwe, ipuliziwe jioni ilale nayo, lakini usitegemee sana. Mara nyingi ni grenda, bolti inakatwa kati ya bushi na chesisi mbele na nyuma. Kwa hiyo unaponunua bushi, nunua bolti na visahani vyake pia, na mwambie fundi apake grisi nzito kwenye bolti mpya kabla hajaziingiza. Wengi wanaziingiza kavu.

Chesisi yenyewe ipimwe kwa nyundo, macho hayatoshi. Anzia nyuma, pale mikono ya chini inayoshika eksoli (mhimili wa magurudumu ya nyuma) inapoingia kwenye chesisi, kisha vikalio vya springi, kisha pale inapojikunja kupita juu ya eksoli. Chesisi ni boksi. Tope linaingia ndani, vitundu vya kutolea maji vinaziba, na kutu inakula kutoka ndani wakati nje panang'aa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kuziba na nyundo inaacha bonde. Ukikuta rangi nyeusi mbichi chini ya gari ya 1998, ongeza nguvu ya kugonga. Na usidhani ni pwani yetu tu. Zipo zilizotoka Hokkaido, ambako barabara za theluji humwagiwa chumvi, zikafika bandarini zimeshaanza kuliwa. Kama karatasi ya mnada wa Japani bado unayo, tafuta herufi S na C kwenye maelezo: S ni kutu, C ni chuma kilicholika.

Ukipata tundu karibu na mkono wa eksoli au kikalio cha springi, usinunue spea nyingine yoyote kabla hilo halijaamuliwa. Kuchomelea kunawezekana, ila kilichooza kikatwe hadi kwenye chuma kizima, bati liwe na unene wa chesisi, betri ichomolewe, na paipu za breki na mafuta ziondolewe njiani. Nimeshaona "tundu" limezibwa kwa pati na kupakwa rangi. Hizo paipu za breki zenyewe zikague kwa kidole urefu wote, hasa kwenye vishikizo, maji yanatuama pale.

Kuhusu oili chafu ambayo wengi mnapaka chini: inazuia kutu kiasi, sikatai, lakini inakusanya vumbi na inavimbisha raba za bushi ulizotoka kununua. Mimi nikishuka kwenye kivuko cha Pangani naosha chini kwa maji yasiyo na chumvi, nazibua vitundu vya chesisi, na ndani napulizia nta ya kuzuia kutu.

Jumamosi ingia chini na nyundo, kisha leta picha za pale nyuma mkono unapoingia kwenye chesisi. Tutakuambia kama ni kazi ya fundi wa kuchomelea au ya mnunuzi wa vyuma chakavu.