Nitakuwa macho wakinipasua? Mkunga anajibu

Tangu niandike kuhusu kujifungua kwa kupasuliwa, maswali yananifikia kutoka komini za Kenya, Katuba, Ruashi na kwingineko hapa Lubumbashi. Karibu yote yanazunguka hofu moja: kupasuliwa ukiwa macho. Nimechagua machache.

“Mtoto wangu ametanguliza matako. Daktari amesema nitapasuliwa mwezi ujao na sitalazwa usingizi. Mama mkunga, nitasikia kisu?” (Mama mjamzito, Katuba)

Kisu hutakisikia, mwanangu. Mikono ya daktari utaisikia, na ni vizuri ujue hilo mapema, maana wengi huambiwa “hutasikia kitu”, halafu wakivutwa kidogo tu wanadhani dawa imeshindwa.

Utaketishwa, utaambiwa uiname na kukunja mgongo. Sindano nyembamba itaingia kiunoni na kuweka dawa, mara nyingi bupivakaini, ndani ya maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Miguu itapata joto, kisha itakuwa mizito mpaka ushindwe kuiinua. Anestezisti, yaani mtaalamu wa dawa za ganzi na usingizi, atakupitishia pamba yenye alkoli mwilini na kukuuliza kama unasikia baridi. Mjibu ukweli. Baridi isiposikika kuanzia tumboni hadi karibu na chuchu, ndipo kazi inaanza. Mbele yako patatundikwa shuka, kwa hiyo hutaona kitu.

Kama umewahi kung’olewa jino kwa ganzi, unakumbuka ulisikia linavutwa bila kuuma. Ndivyo itakavyokuwa. Mtoto anapotoka, mtu husukuma tumbo kwa juu, na hapo utasikia uzito mkubwa kifuani kwa muda mfupi. Unaweza pia kuhisi kana kwamba hupumui, kwa sababu kifua nacho kimeshikwa na ganzi. Ukiweza kuongea, unapumua. Ukisikia kichefuchefu au kizunguzungu, sema papo hapo: mara nyingi ni shinikizo la damu limeshuka, na dawa yake inapitishwa kwenye seramu (dripu). Kutetemeka nako ni kawaida, usione haya.

Mara nyingi mtoto hutoka katika dakika kama 10 tangu kukatwa. Kushona ndiko kunachukua muda, nusu saa au zaidi. Omba mapema wakuwekee mtoto kifuani wakati huo kama nyote wawili mko salama. Nimeona wanawake wengi waliokuwa wakitetemeka wakitulia pale pale, shavu la mtoto likiwa shingoni mwao.

“Siwezi kudai wanilaze kabisa, niamke mtoto akiwa tayari?” (Kamalondo)

Unaweza kuomba, na kuna hali ambazo daktari mwenyewe atachagua hivyo: damu ikitoka nyingi, au damu isipoganda vizuri, au pasipokuwa na muda hata wa kukuketisha. Nje ya hali hizo, mimi ningekusihi ukubali ganzi. Mjamzito akilazwa usingizi, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu, na koo lililovimba kwa mimba hufanya mpira wa kupumulia uwe mgumu kuingiza. Dawa ya usingizi humfikia mtoto pia, na anaweza kuzaliwa akiwa mlegevu. Kwa ajili ya hatari hiyo ya chakula kupanda, utakatazwa kula kwa saa 6 kabla ya kupasuliwa, hata kama bukari (ugali) iko mezani. Hilo linahusu ganzi pia, kwa sababu mpango unaweza kubadilika.

“Mama mkwe anasema dawa ya bloku (chumba cha upasuaji) inamfanya mwanamke ataje kila kitu, hata majina ya wanaume. Naogopa kuropoka.” (Ruashi)

Ganzi ya mgongoni haikuondolei akili. Utajua unachosema kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Maneno hayo yanatoka kwenye dawa nyingine, ketamini, ambayo hutumika sana hospitalini kwetu kwa kulaza watu. Anayezinduka kutoka ketamini anaweza kuona mambo yasiyokuwepo na kusema ovyo. Anachosema ni ndoto tu, na asiyelijua hilo anaweza kuvunja ndoa bure.

Niseme na jingine, kwa kuwa swali lako limeligusa. Bado kuna familia ambazo uchungu ukichelewa humzunguka mwanamke na kumtaka akiri uzinzi ili mtoto atoke. Mtoto hukwama kwa sababu amelala vibaya, au nyonga ni nyembamba, au mji wa mimba umechoka. Kila saa inayopotea kwa maswali hayo ni saa ambayo mama na mtoto wanaweza kufa. Mama mkwe wako akitaka kusaidia, akusindikize hospitali mapema.

“Sindano ya mgongo haitaniacha kilema? Nabeba bidoni za maji kila siku.” (Kampemba)

Sindano inaingia chini ya mahali unapoishia mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya mfupa wa mgongo. Kupooza kwa sababu yake ni nadra mno. Pale ilipoingia patauma siku chache. Maumivu ya mgongo ya miezi mingi huwapata hata waliozaa kwa kusukuma, kwa sababu ya uzito wa mimba na kunyonyesha kwa kuinama. Bidoni uziache kwanza kwa wiki 6, kwa ajili ya kidonda.

Mambo mawili usiyanyamazie: kichwa kinachouma sana ukikaa na kutulia ukilala, na miguu isiyorudi baada ya saa chache. Yote mawili mwambie muuguzi au rudi hospitali.

“Mara ya kwanza nilisikia maumivu ya kweli. Nilipiga kelele, nikaambiwa ninyamaze, nisiwe mtoto. Sasa nina mimba tena na usiku silali.” (Annexe)

Nakuamini, mama. Wakati mwingine ganzi haipandi vya kutosha, au inaisha kabla ya kazi kuisha. Mwanamke akisema inauma, anayepasua asimame, dawa iongezwe au alazwe usingizi. Kukuambia unyamaze kulikuwa kosa lao, na woga wako wa leo una sababu.

Ukienda CPN, yaani kliniki ya wajawazito, simulia yote na uombe yaandikwe kwenye fishi (kadi) yako. Omba kuonana na anestezisti kabla ya siku yenyewe. Mwambie: “Nikisema ninavutwa, endeleeni. Nikisema inauma, simameni.” Mwombe arudie kukupima kabla ya kukatwa, na mtu mmoja akae upande wa kichwa chako akuangalie usoni. Uliza pia kama safari hii lazima upasuliwe. Si kila aliyepasuliwa hupasuliwa tena, ila uzalie penye bloku. Ndoto mbaya zikiendelea, muulize mkunga wa CPN kama kuna mwanasaikolojia wa kuonana naye. Usisubiri ujifungue kwanza.

“Mimi mume wake nifanye nini?” (Baba, Kenya)

Uliza kama utaruhusiwa kuingia, sehemu nyingi hukataa. Ukiingia, kaa kichwani pake, uongee naye, usichungulie nyuma ya shuka. Ukikataliwa, usiondoke: damu ikihitajika, wewe na ndugu zako mtatafutwa. Tafuteni watakaotoa damu tangu sasa.

“Na umeme ukikatika nikiwa nimefunguliwa tumbo, macho yangu yakiona giza?” (Katuba)

Dawa iko mwilini mwako tayari, haitegemei umeme. Utaendelea kupumua mwenyewe na ganzi itabaki, kwa kawaida saa 2 hivi. Taa itazimika kwa muda, utasikia watu wakiitana, kisha jenereta itawaka au watashika taa za betri. Ukienda kuonyeshwa hospitali, uliza jenereta iko wapi na mafuta hununuliwa na nani. Wakisema familia ndiyo inaleta, mpelekee baba wa mtoto habari hiyo jioni ile ile.