Vyura wa kwenye mizabibu wanakula nini hasa?

Mvua zimeanza, vyura wametoka, na maswali nayo yamemiminika. Twende nayo.

Nina shamba la zabibu Mpunguzi, Dodoma, usiku nakuta vyura wadogo wamekaa kwenye majani. Ndo wanaonilia zabibu?

Hapana mkuu. Chura aliyekomaa anakula wadudu, yani panzi, nondo, mende, mchwa, hata buibui, ilimradi kinatembea na kinaenea mdomoni. Mdudu aliyekufa unaweza kumwekea mbele ya pua na asimguse, macho yake yanakamata zaidi kitu kinachojongea. Kuna mmoja wa Brazil, Xenohyla truncata, huyo kweli anajulikana kwa kula matunda, ila Brazil na Mpunguzi wapi na wapi. Zabibu zikidonolewa anza na ndege.

Nikiwasha taa ya barazani wanajaa ukutani, wanafuata mwanga?

Wanafuata wadudu waliofuata mwanga. Kumbikumbi wakitoka ndo utawaona na matumbo yamevimba.

Huku Hombolo tumeona povu jeupe limening'inia kwenye tawi juu ya maji, ni nini lile?

Hilo mara nyingi ni kiota cha chura wa jamii ya Chiromantis. Jike anatoa majimaji anayakoroga kwa miguu ya nyuma mpaka yanaumuka kama mayai ya keki, mayai yake yanabaki humo ndani hayakauki, halafu baada ya siku chache viluwiluwi wanadondoka majini na wanaanza kula ule utelezi wa kijani wa kwenye mawe na majani yaliyooza, nyama bado kabisa. Na usidhani humo kwenye povu wako salama, ukanda wa pwani kuna chura mdogo anaitwa Afrixalus fornasini anachomeka kichwa kwenye povu la mwenzie anakula mayai. Chura kwa chura!

Mbona akimeza anafumba macho?

Yale macho yanazama ndani yanasaidia kusukuma chakula kooni. Meno ya kutafuna hana.

Nikiwaachia shambani, si niache kupiga dawa?

Taratibu hapo. Chura hachagui, anakula mdudu mharibifu na buibui anayekusaidia vilevile, na ubwiri unga haumhusu kabisa, ule ni ugonjwa wa mizabibu unaoletwa na ukungu, sio mdudu. Ila dawa ya wadudu usipige kwa mazoea tu, maana chura anafyonza maji kwa ngozi, hanywi kwa mdomo, kwa hiyo sumu inamwingia moja kwa moja na mlo wake umeshauua. Angalia kwanza kama wadudu wapo kweli, ndo uchukue bomba.