Mkuu, usihamishe hizo liki Jumamosi

Weka jembe chini kwanza. Swali lako nimelisoma mara mbili nikidhani macho ndiyo mabovu: kitalu cha liki (leek, kile kitunguu kinacholiwa shina) kina wiki nne, miche ina urefu wa kiganja, bustani iko Luchelele hapa Mwanza, na Jumamosi unahamisha yote ili uwahi mvua. Ukauliza na mbolea, na nafasi, na soko, na sijui nini tena. Huko tutafika tukijaliwa. Hili la Jumamosi ndilo limenitoa kitandani.

Achana na urefu, tazama unene. Mnyang'anye mtoto penseli, isimamishe kando ya shina, pale linapotokea kwenye udongo. Kama havijalingana, huo bado ni uzi, haujawa mche. Kwa liki unazungumzia wiki ya nane, ya kumi, wakati mwingine zaidi, maana ni mvivu kuliko ndugu yake kitunguu maji. Mbegu tu inaweza kukaa karibu wiki mbili ndipo ichungulie. Kwa hiyo katika wiki zako nne, nusu ilikuwa usingizi.

Unauliza nimeyajuaje? Mimi ndiye niliyezika miche mia saba Igoma kwa mkono wangu huu.

Ilikuwa Januari mwaka juzi, vuli imeshakata, jua linawaka hadi mawe yanachoma nyayo. Mimi ni mtu wa dagaa, kilimo nilikuwa nakiona kwenye sahani. Nikaenda duka la pembejeo, nikamkuta jamaa kavaa koti jeupe kama daktari wa zamu. Nikamwambia kitalu changu kina mwezi na siku kadhaa. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Liki ni kitunguu tu, bosi. Wiki ya tano hamisha, fukia ndani sana, shina litatoka jeupe."

Jamani, lile koti! Kama angekuwa amevaa fulana ya Simba labda ningembishia. Hata hicho kitunguu maji anachokitaja hakihamishwi wiki ya tano, watu wanasubiri ya sita mpaka ya nane. Na weupe wa shina hauji kwa kumzika mtoto mchanga. Unakuja baadaye, taratibu, unapandishia udongo kidogo kidogo kadiri shina linavyonenepa. Lakini nilikuwa nimeshamlipa, na mtu ukishalipa unaamini.

Basi nikaweka kibarua, nikashusha samadi tripu nzima, tukatoboa mashimo ya sentimita 15 kwa mpini wa jembe. Sasa piga hesabu mwenyewe: shimo sentimita 15, mche wenyewe sentimita 15. Unazama wote! Tukafukia, tukashindilia kwa vidole, tukajipongeza. Jioni ile kilichoonekana juu ya matuta ni vincha tu, hapa kimoja pale kimoja, kama ndevu za kijana wa kidato cha pili. Nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la ukoo. Hiyo picha bado wanayo, na kila harusi inatolewa.

Udongo wangu ni luseni, ule mchanga wetu wa Usukumani usiokaa na maji. Saa tano asubuhi ukiugusa unarudisha mkono. Mche mnene una mizizi ya kufuata unyevu chini, huu wangu ulikuwa na vinyuzi vitatu vinne. Siku ya tatu vincha vikalala. Mimi nikaona kiu, nikaongeza maji: madumu 12 ya lita 20 kwa siku, nikipandisha kilima kwa toroli, mgongo unalia. Ndipo nikamalizia kazi. Siku ya sita nikachimbua mmoja upande wa chini, kule maji yanakotuama. Kishina kikateleza kati ya vidole kama ute wa bamia, na ile harufu ya kitunguu kilichooza haikutoka mkononi hadi kesho yake. Nikapanda upande wa juu nikachimbua mwingine: mkavu, unakatika kama jani kavu. Shamba moja, miche ya juu inakufa kwa kiu, ya chini inakufa kwa kuogelea.

Mia saba ikabaki 38. Nimehesabu, ndiyo, nilikuwa na muda. Na hiyo 38 ikamezwa na ndago, kwa sababu liki changa haina jani pana la kufunika ardhi, inasimama tu kama mgeni asiyekaribishwa huku magugu yanaizunguka. Ukijumlisha mbegu, kibarua, samadi na maji, zaidi ya laki na nusu ilienda chini ya mchanga. Jirani akiniuliza nimepanda nini namjibu nyasi za mbuzi. Mke wangu hadi leo akitaka hela ya saluni anaanza na "Bwana Liki..."

Aliyenitoa gizani hakuwa na koti. Ni mama mmoja wa Kisambaa anayeuza mboga barabarani, kwao Lushoto milimani ambako liki wamezikuta kwa bibi zao. Alipita kununua dagaa, nikamwonyesha mabaki ya kitalu. Akang'oa mmoja, akauzungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, akacheka: "Kaka, huyu bado ananyonya." Kisha akanionyesha kitu cha pili ambacho sikuamini. Mche ukishanenepa unatoboa shimo, unaudumbukiza, na hufukii. Shimo unaliacha wazi! Unamimina maji tu ndani taratibu, yanashusha udongo kidogo wa kushika mizizi. Nafasi inayobaki shina linaijaza lenyewe likinenepa, na mvua na palizi vinamalizia.

Mwaka uliofuata nilisia mwanzoni mwa Januari, kitalu chini ya kichanja cha nyasi, nikavumilia. Kila Jumapili naenda na penseli, watoto wanacheka. Nilihamisha katikati ya Machi masika ilipoanza, siku yenye mawingu, jioni. Nilipoteza miche kumi na kitu tu, na mitatu kati ya hiyo aliila mbuzi, hilo silihesabu. Mwisho wa Julai nilikuwa nang'oa shina nene kama mpini wa jembe. Miezi minne na nusu shambani, wabeja sana, yaani asante kwa Kisukuma, mama wa Kisambaa.

Kama unaogopa mvua itakupita, ni heri ikupite. Miche iliyochelewa utaimwagilia, iliyokufa utaimwagilia nini? Ipunguze tu kitaluni kama imesongamana, kila mmoja upate pa kunenepea.

Haya, maswali yako mengine. Nafasi: kiganja kati ya mche na mche, futi moja kati ya mstari na mstari. Samadi iwe iliyooza kabisa, ya zizini moja kwa moja itaunguza. Na kwa kuwa uko Luchelele karibu na maji, ule mstari wa mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa uuheshimu, sheria ya mazingira ya 2004 haina utani.

La soko na lile la wadudu nimelisahau ulivyoliuliza, na dagaa wangu wako juani huku wingu linakuja kutoka ziwani. Wewe ng'oa mche mmoja, uulaze kando ya penseli, weka picha hapa tuuone.