Kulala hemani shambani kwa watu, Mafia: nenda na choo chako

Mara ya kwanza nilipokwenda kupiga hema kisiwani Mafia, nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa choo. Nilikuwa na mtungi mdogo wa gesi, taa ya sola na chandarua, na nilikuwa nimepata ruhusa ya bibi mmoja ambaye shamba lake la minazi linashuka hadi karibu na ufukwe. Jioni nikaazima jembe, nikaanza kuchimba shimo nyuma ya hema. Bibi akaja taratibu, akaitikia shikamoo yangu, kisha akauliza, "Mwanangu, hilo shimo la nini?" Nilipomweleza hakunigombeza. Alinishika mkono, akanipeleka hatua kama thelathini hadi kisimani, akaniambia nichungulie. Maji yalikuwa chini kiasi cha kimo cha mtu tu. "Haya ndiyo tunayokunywa," akasema.

Katika ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe, maji matamu ni mvua iliyozama na kutulia juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo kinachozikwa karibu na kisima hakikawii kukifikia. Ndiyo maana namshauri kila anayetaka kulala shambani kwa mtu aende akijitegemea kikamilifu. Mimi hubeba ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, mfuko mgumu wa kuiwekea ndani, na gunia la maranda yaliyochanganywa na majivu; kila baada ya haja unamwaga kopo moja, na harufu inakwisha. Uchafu huo usiuache shambani wala usiumwage baharini. Mimi hukubaliana mapema na mwenye nyumba ya wageni mjini Kilindoni, nikamlipa, nikaumwaga kwenye choo chake, na mfuko wenyewe narudi nao bara pamoja na taka nyingine.

Maji ya kunywa na kupikia nayapigia hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku, na ninayabeba yote, kwa sababu kisima cha familia hukaukiwa na kuingia chumvi kikichotwa kupita kiasi. Kuoga ni baharini, kisha lita moja ya kujisuuza.

Kuhusu ruhusa, uliza maswali mawili: ardhi ni ya nani, na minazi ni ya nani. Katika mwambao wetu si ajabu mti ukawa na mwenyewe na udongo ukawa na mwingine, na mimi nimewahi kuamshwa alfajiri na mkwezi aliyekuja kuangua nazi zake juu ya hema langu. Ukishakubaliwa, pita ofisi ya serikali ya kijiji ujitambulishe. Kama unakwenda upande wa Utende, kumbuka kwamba huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye kiingilio na taratibu zake. Ruhusa ya mwenye shamba haikuondolei hayo.

Mahali pa kusimamisha hema pasiwe chini ya mnazi, hata kama kivuli kinakuvutia, maana nazi haina miadi. Pasiwe pia kwenye mchanga mweupe ulio chini ya mstari wa mwani mkavu: wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hupanda hadi hapo usiku umelala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ingawa hema si la kudumu, mimi hukaa nje ya kipimo hicho. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani; jaza mifuko mchanga, ifunge kamba za hema, uifukie, hasa miezi ya kusi.

Safari ya pili bibi alikuja kuikagua ile ndoo, akafunua mfuniko, akainusa, akafunika. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumletea nyingine kama hiyo, mpya, ya kuwekea unga.